Je, Wajua? Fundi Mitambo wa Uwanda wa Makonde

Je, wajua kwamba fundi sauti wa kwanza huku Kitangari hakuwa na waya hata mmoja? Kazi yake ilikuwa kukoka moto. Ngozi ya ngoma hunywa unyevu wa usiku, ikalegea na sauti ikashuka. Ndiyo maana sindimba, ngoma ya Wamakonde, ikikolea utaona ngoma zikipelekwa pembeni, zikaelekezwa kwenye moto wa majani makavu, mpigaji akigonga kwa kidole na kutega sikio mpaka zikaze, kisha mbio kurudi uwanjani. Moto huohuo ndio uliokuwa taa.

Wazungu nao hawakuwa mbali na moto. Mwaka 1837, jukwaani Covent Garden, London, waliangaza kwa donge la chokaa lililochomwa kwa gesi hadi likang'aa jeupe. Mwaka 1881, ukumbi wa Savoy wa jijini humo ukawashwa wote kwa balbu za umeme.

Lakini si kila mchezaji hutegemea taa. Katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde wa kingo zote mbili za Mto Ruvuma, mchezaji hufunikwa mwili mzima, na akivaa kinyago cha kufunika kichwa huchungulia kupitia mdomo wa kinyago. Anaona kidogo mno. Hatua zake huzipokea kwa masikio. Fundi wa leo akikosea kupanga spika, sauti ikagonga ukuta na kurudi imechelewa, amemtia mchezaji huyo upofu wa pili.

Fundi mwenyewe si mwajiriwa wa mtu. Ana mikisa, spika, taa chache na jenereta, na hukodiwa kwa shughuli: leo harusi, kesho mkutano wa hadhara. Kalenda yake huandikwa na korosho. Minada ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kwa kawaida huanza Oktoba. Wakulima wakishalipwa, simu yake hailali. Likizo za shule nazo huleta jando na unyago. Masika ni ya kutengeneza redio za watu.

Wateja hupenda kuuliza wati. Lakini ukipandisha amplifaya kutoka wati 500 hadi 1,000, sauti huongezeka desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili msikilizaji aseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu takriban mara kumi. Mwenye harusi anayeongeza spika ili amzidi jirani, kwa maoni yangu, analipia wivu. Tena zikifungwa kwenye jenereta ndogo pamoja na taa, kila besi inapopiga amplifaya huvuta umeme kwa ghafla na taa zote hufifia. Mafundi wazoefu huzipa taa jenereta yake.

Na kwa nini ngoma ya ng'ambo ya bonde la Kitangari husikika vizuri zaidi usiku? Si kwa sababu ya ukimya peke yake. Jua likizama ardhi hupoa upesi, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ipae ikapindwa kurudi kwa watu waliolala.

Kusomea ufundi huu wa sauti na taa kunawezekana Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Kutoka Kitangari ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Wengi huanzia kubeba waya wa mtu mwingine.

Katika kazi hii, masikio ndiyo yanayolipa gharama. Desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda huo hukatwa nusu, hivyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Unyago hukesha, na fundi yuko hatua chache kutoka kwenye spika. Pamba anayojiziba nayo hupunguza desibeli chache mno. Kizibo cha sponji, kile kinachofinywa kwa vidole kikatanuka ndani ya sikio, hupunguza 20 na zaidi kikivaliwa sawasawa.