Remorke gizani: kabla ya kununua ampuli, angalia prizi na masi

Kati ya Kasindi na Beni jua linazama karibu saa kumi na mbili za jioni, mwaka mzima, na giza halichelewi. Lori lililokawia kwenye forodha, likiwa na saruji au mafuta kutoka upande wa Uganda, linaingia barabara ya taifa nambari 4 likiwa limebakiza mwanga kidogo tu. Taa za nyuma ya remorke zikizimika hapo, dereva mwenyewe hasikii kitu wala haoni tofauti, kwa kuwa taa zake za mbele zinawaka vizuri. Anayepata shida ni yule anayekuja nyuma, mara nyingi pikipiki yenye abiria wawili, ambayo inakuta ukuta wa chuma katikati ya giza.

Kusimama nako si jambo rahisi kwetu. Kwenye kipande cha Beni hadi Komanda, magari yamekuwa yakienda kwa misafara inayosindikizwa na jeshi, na gari lenye hitilafu haliwezi kuwafanya wengine wote wangojee. Ndiyo maana dereva anayejua kutafuta tatizo la taa kwa dakika kumi, bila fundi, ana faida kubwa.

Wengi wanaanza na ampuli. Ni sawa kama taa iliyozimika ni moja tu. Hata klinyota inayopepesa haraka kuliko kawaida, kwenye magari mengi, ni dalili kwamba ampuli moja ya upande huo imeungua. Lakini taa zote za remorke zikizimika kwa pamoja, ni vigumu kuamini kwamba ampuli zote zimeungua saa moja. Hapo tatizo liko kwenye kitu wanachokitumia pamoja: prizi inayounganisha lori na remorke, au masi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye batri.

Masi mbovu ina vituko vyake. Ukikanyaga breki, klinyota inawaka nayo kidogo. Ukiwasha klinyota, taa ndogo za nyuma zinapepesa pamoja nayo, zikiwa na mwanga hafifu wa rangi ya udongo. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, kwa hiyo unapita kwenye ampuli za jirani. Watu wengine wanadhani chuma cha remorke kinagusana na chuma cha lori, basi masi ipo tu. Sivyo. Mahali remorke inapokalia lori pamejaa grisi, na grisi haipitishi umeme vizuri. Chukua kipande cha waya, unganisha chuma safi cha chasi ya lori na chuma safi cha remorke. Taa zikirudi, umeshapata jibu: safisha mwisho wa waya wa masi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza bulonge.

Kwenye prizi, vumbi la kiangazi na matope ya mvua ndivyo maadui. Ichomoe, ikaushe, angalia kama pini zimeota kutu ya kijani. Pini nyingi zimepasuliwa katikati. Zikilegea, zipanue kidogo sana kwa ncha ya kisu, taa zikiwa zimezimwa. Prizi ya kawaida ya malori ya volti 24 ina pini 7: nambari 1 ni masi, 2 na 6 ni taa ndogo za kushoto na za kulia, 3 na 5 ni klinyota za kushoto na za kulia, 4 ni breki. Nambari 7 ina kazi tofauti kulingana na gari. Hivyo, upande mmoja tu wa taa ndogo ukizimika, nenda moja kwa moja kwenye 2 au 6, na kwenye fyuzi ya upande huo, maana malori mengi yana fyuzi mbili kwa taa hizo. Kuhusu rangi za nyaya, masi inapaswa kuwa nyeupe na breki nyekundu, lakini remorke iliyokwisha kutengenezwa mara tano kando ya njia haina tena rangi za kuaminika. Pima kwa ampuli ya volti 24 iliyofungwa nyaya mbili; kila lori lingepaswa kuwa nayo. Ampuli ya volti 12 kutoka kwenye gari dogo itaungua mara moja.

Fyuzi ndiyo sehemu inayotisha zaidi. Ikiungua, weka nyingine yenye ampea zilezile. Kuweka waya mnene, au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani: waya ulioguswa na chasi utapata moto, plastiki itayeyuka, na juu yake kuna magodoro au mafuta. Fyuzi mpya nayo ikiungua papo hapo, chomoa prizi ya remorke kisha uweke nyingine. Ikidumu, waya umekwanguka kwenye remorke. Ufuate kwa mkono, hasa pale unapopita kwenye kona za chuma, uufunge kwa skochi. Ikiungua tena, tatizo liko kwenye lori lenyewe.

Na kama hakuna kinachofanya kazi? Sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 kuhusu usafiri wa barabarani ipo, lakini hata bila sheria hesabu ni rahisi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Pembetatu iliyowekwa hatua kumi nyuma ya remorke haisaidii kitu. Iweke hatua mia moja, na kama kuna kona, iweke kabla ya kona. Tumezoea matawi na mawe. Matawi hayang'ai usiku, na mawe yanayoachwa barabarani baada ya lori kuondoka yanaangusha mwingine.

Kuna tatizo moja ambalo halitokani na uharibifu wowote. Kenya, Uganda na Tanzania zinaendesha upande wa kushoto, sisi upande wa kulia. Taa za mbele za magari yanayotoka huko, pamoja na magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, zimetengenezwa ili mwanga mfupi urushwe zaidi kushoto, kwenye ukingo wa barabara yao. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako, na mwanga huo unamwingia machoni hata kama dereva ameteremsha taa. Kuna vibandiko maalumu vya kuziba kipande hicho cha kioo. Fundi wa taa mjini Beni au Butembo anaweza pia kuzishusha kidogo, gari likiwa mbele ya ukuta na likiwa na mzigo wake.