Filta za Lenzi: Zipi za Kununua, Zipi za Kuacha

Filta ni kipande cha kioo au plastiki ngumu kinachofungwa mbele ya lenzi ili kubadilisha mwanga kabla haujaingia ndani ya kamera. Enzi za filamu mpiga picha alitembea na mkoba mzima wa filta: ya njano ili mawingu yajitokeze kwenye picha nyeusi na nyeupe, ya bluu ili balbu za ndani zisifanye nyuso kuwa za rangi ya machungwa. Kazi hizo sasa kamera ya dijitali huzifanya yenyewe kwa kurekebisha mizani ya rangi, au kompyuta huzimalizia baadaye. Zimebaki filta mbili ambazo programu haijaweza kuziiga sawasawa: polaraiza, na filta ya kupunguza mwanga, inayojulikana kwa herufi ND. Mwenye fedha kidogo aanzie hapo.

Dukani, hata hivyo, inayotajwa kwanza ni UV. Filamu iliathiriwa na miale ya urujuanimno, hasa milimani na baharini, picha zikatoka na ukungu wa bluu. Kihisi cha kamera ya dijitali kina kioo chake kinachozuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo UV haiongezi kitu kinachoonekana. Siku hizi inauzwa kama kinga, na kinga yenyewe ina mipaka. Inazuia mchanga, chumvi ya bahari na alama za vidole. Lenzi ikianguka, kioo chembamba cha filta ndicho kinachovunjika kwanza, na vipande vyake vinaweza kukwaruza lenzi. Hudi, ile kofia ya plastiki inayofungwa mbele, huhimili kishindo vizuri zaidi na hukinga jua la pembeni pia. UV ifungwe ufukweni penye upepo. Usiku, au ukumbini penye taa nyingi, ifunguliwe.

Sababu ya kuifungua ni mwako. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga, na filta ina nyuso mbili. Mwanga huo hurukaruka kati ya filta na lenzi, kisha taa moja ya barabarani huzaa mzuka wake upande wa pili wa picha. Filta nzuri hupakwa tabaka kadhaa za utando unaoshusha kiasi hicho hadi chini ya asilimia moja. Kuitambua hakuhitaji mtaalamu. Filta ishikwe chini ya taa ya duka: kioo kitupu huonyesha taa nyeupe inayong'aa, na kilichopakwa vizuri huonyesha taa hafifu yenye rangi ya kijani au zambarau. Maandishi kwenye fremu yasiaminiwe kabla ya jaribio hilo.

Polaraiza ndiyo filta inayostahili fedha za kwanza. Mwanga wa jua ukigonga maji, jani au kioo cha gari, ule unaorudi hutetema zaidi katika mwelekeo mmoja, na polaraiza ikizungushwa ipasavyo huuzuia. Kwenye maji athari hufika kileleni pale kamera inapotazama kwa pembe ya takribani nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Hapo mng'ao hutoweka, na mashamba ya mwani ya Paje au Jambiani yaliyo chini ya maji machache huonekana kamba kwa kamba. Majani ya mgomba hupoteza weupe wa juu na kurudisha kijani chake. Uso unaong'aa kwa jasho hutulia. Mabati matupu hayabadiliki sana, kwa kuwa chuma hakichuji mwanga kwa namna ile. Bati lililopakwa rangi hubadilika kiasi.

Anga nayo ina kanuni yake. Buluu hukolea zaidi katika ukanda ulio nyuzi 90 kutoka jua lilipo. Asubuhi na jioni katika nchi za ikweta ukanda huo huanzia kaskazini, hupita utosini na kushukia kusini. Jua likiwa utosini, ukanda huo huteremka na kuzunguka upeo wote wa macho. Ndiyo maana polaraiza ina manufaa hata saa sita mchana, saa ambayo wapiga picha wengi hufungasha vifaa. Lenzi pana, ya milimita 18 kwa mfano, hubeba kipande kikubwa cha anga, na picha huweza kutoka na doa la buluu nzito katikati na anga iliyopauka pembeni. Tiba ni kupunguza mzunguko wa filta, au kuivua.

Polaraiza hula stopu moja hadi mbili za mwanga, kila stopu ikiupunguza kwa nusu. Kwa kamera za leo inunuliwe ya aina ya duara, yenye alama CPL, kwa sababu ile ya mstari inaweza kuchanganya mifumo ya kamera ya kupima mwanga na kufokasi. Kikokotoo kidogo cha kioo cha kijivu kinatosha kuijaribu. Filta ikitazamiwa kwa upande unaokaa kwenye lenzi huku ikizungushwa, tarakimu zitatokea na kutoweka katika giza. Ikigeuzwa nyuma mbele, CPL ya kweli haitaleta giza hilo tena. Ikileta giza pande zote mbili, ni ya mstari. Isipoleta giza upande wowote, ni kioo cha kijivu tu.

ND hufanya kazi moja: kupunguza mwanga wote kwa usawa. Watengenezaji huitaja kwa namna tatu, na wanunuzi huchanganyikiwa bure: ND8, 0.9 na stopu 3 ni filta ileile. Faida yake huonekana kwenye video. Chini ya jua kali, kwa ISO 100 na tundu la f/16, shata inayofaa ni takribani 1/100. Tundu likifunguliwa hadi f/2.8 ili mandhari ya nyuma yafifie, mwanga huongezeka mara 32 na shata hupanda hadi 1/3200. Video ya fremu 25 kwa sekunde hutaka shata ya 1/50 ili mwendo uonekane laini. Kati ya 1/3200 na 1/50 kuna mara 64, na filta ya kazi hiyo ni ND64. Kwa picha za mnato, ND1000 hugeuza shata ya 1/125 kuwa sekunde 8, mawimbi yakawa kama moshi. Hapo stendi ni lazima, na fokasi huwekwa kabla ya kufunga filta.

Udhaifu wa ND za bei ya chini ni rangi. Karatasi nyeupe ipigwe bila filta na ikiwa nayo, kwa mizani ileile ya rangi. Wekundu au ukahawia ulioenea sawasawa hurekebishika. Kitambaa cheusi cha nailoni kikitoka cha kahawia, filta inapitisha miale ya joto, na kasoro hiyo haiondoki kirahisi. ND ya kuzungusha ni polaraiza mbili zilizobebana; ikisukumwa hadi mwisho huchora msalaba mweusi kwenye picha, hivyo iachwe kabla ya alama za mwisho.

Ukubwa husomwa mbele ya lenzi penye alama ø: 49, 52, 55, 58, 67, 77 na kadhalika. Namba hiyo si ya umbali wa fokasi. Lenzi ya milimita 50 inaweza kuwa na ø49. Mwenye lenzi tatu hahitaji polaraiza tatu. Anunue moja ya ukubwa wa lenzi kubwa zaidi, pamoja na ringi za kuunganishia kwenye lenzi ndogo. Ringi ni chuma kitupu, hivyo hapa rahisi si hasara. Kinyume chake, filta ndogo kwenye lenzi kubwa hutia giza pembe za picha.

Filta ikikwama, isiminywe kwa nguvu, maana fremu hupinda na kukaza zaidi. Ukanda wa mpira ukizungushiwa ukingoni huipa mkono mshiko. Mchanga upulizwe kwanza ndipo kitambaa kiguse kioo.

Jua lenyewe ni jambo jingine. Agosti 2, 2027 litapatwa lote Kaskazini mwa Afrika na Uarabuni, na Afrika Mashariki italiona likimegwa sehemu. ND1000 hupitisha sehemu 1 kati ya 1,000 ya mwanga, ilhali filta za jua zinazotumika sana hupitisha 1 kati ya 100,000. Asitazame mtu jua kupitia ND, hata zikifungwa mbili pamoja. Filta maalumu ya jua ifungwe mbele ya lenzi kabla kamera haijainuliwa.