Usukani Unaponguruma

Mkulima, usikiapo usukani wa pawa ukinguruma katika kona, usikimbilie kununua pampu mpya. Zima injini, ufungue kopo la mafuta ya usukani utazame. (Magari mengine ya siku hizi hutumia umeme, nayo hayana kopo hili.) Mara nyingi mafuta yamepungua na pampu inavuta hewa, ndipo utaona povu.

Ongeza mafuta ya namna iliyotajwa katika kitabu cha gari. Ya breki usitie hata tone, maana huharibu mipira ya ndani. Kisha zuia magurudumu ya nyuma, uyainue ya mbele kwa jeki, uyaegemeze gari juu ya stendi imara, wala si mawe. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole toka mwisho huu mpaka ule, mara kumi au zaidi, ukiongeza mafuta yakishuka, hata povu liishe.

Mlio mwembamba wakati wa kuwasha ni wa mkanda uliolegea. Huo hukazwa tu, au hubadilishwa ukiwa umechakaa.

Lakini mafuta hayapungui bure. Kagua mipira na maungio yake. Penye unyevu ndipo panapovuja. Ukiongeza kila juma pasipo kuziba, pampu itakufa, na usukani utakuwa mzito kama jiwe njiani, huku maziwa yako yakichacha.