Mashine Isiyo na Muziki wa Mtu Mwingine

Kinanda cha umeme kinachopigwa kwenye sherehe za Kayanga au Nkwenda huwa kimeshaamuliwa mambo mengi kabla mpigaji hajakigusa. Noti zake zimegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, midundo yake imepangwa kiwandani, na hata namna kila sauti inavyoanza na kufifia iliwekwa na mhandisi ambaye hakuwahi kusikia wimbo wa Kinyambo. Kwa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera, hilo si jambo dogo. Enanga, ala ya nyuzi ya huko, haifungwi nyuzi zake kwa kufuata hatua hizo 12. Tena, kama tafiti za Profesa M. M. Mulokozi zilivyoonyesha, waimbaji wa enanga wa Kagera ni watunzi wa tendi: mwimbaji huvuta mwendo pale kisa kinapotaka utulivu na kuukimbiza vita vinapoanza, jambo ambalo mdundo wa kiwandani hauliwezi. Ndiyo sababu natetea hapa kifaa ambacho wengi hawajawahi kukisikia, jenereta ya fanksheni ya analogi. Ni moduli, yaani kipande kimoja cha sinthesaiza (ala inayounda sauti kwa umeme), isiyo na noti, isiyo na mdundo wala sauti iliyohifadhiwa. Kazi yake ni kupandisha volti na kuzishusha kwa mwendo anaoutaka mpigaji, basi. Naamini utupu huo ndio unaoifanya iwafae watu ambao tayari wana muziki wao.

Ili hoja hii ieleweke, tuanze na sauti yenyewe. Uzi wa enanga ukidonolewa, nguvu yake hufika kileleni papo hapo, kisha hushuka haraka mwanzoni na polepole baadaye. Pembe ikipulizwa, sauti hukua taratibu, husimama kwa muda wote ambao pumzi ipo, halafu hukatika. Sehemu kubwa ya tofauti tunayoisikia baina ya ala hizi mbili imo katika huko kupanda na kushuka. Moduli hii hufanya kazi hiyo kwa umeme. Ndani yake kuna kapasita inayojazwa na kumwagwa kupitia rezista. Kapasita ya maikrofaradi 1 ikijazwa kupitia rezista ya ohm 1,000,000, baada ya sekunde 1 huwa imefika kama asilimia 63 ya volti inayoielekea. Weka ya maikrofaradi 10, na muda huwa sekunde 10. Volyumu moja huamua muda wa kupanda, nyingine muda wa kushuka, na ya tatu hupinda mstari ili ushuke kama uzi unaofifia au unyooke kabisa. Volti hizo zikipelekwa kwenye moduli nyingine, huweza kuongoza ukubwa wa sauti, wembamba wake au ung'avu wake.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba saketi hiyohiyo moja hubadilika kazi kwa kuhamisha waya tu. Ipe mshtuo mfupi wa volti, itachora umbo la sauti moja. Iambie ijirudie yenyewe na utapata wimbi la polepole linaloyumbisha sauti. Harakisha mzunguko mpaka mamia ya mara kwa sekunde, nayo itasikika yenyewe kama noti. Ukipitisha ndani yake volti zinazoruka kutoka noti moja hadi nyingine, itazilainisha mpaka sauti iteleze kama ya mwimbaji. Lakini kinachonivutia zaidi ni mshtuo unaotoka mwishoni mwa mzunguko. Moduli ikiwa na pande mbili, kila mmoja na saketi yake, upande mmoja ukimaliza kushuka huuamsha wa pili, wa pili ukimaliza huuamsha wa kwanza, na kila upande una muda wake. Wapiga makondere, pembe zilizohusiana na tawala za kifalme za ukanda huu wa maziwa, hutumia kanuni iliyo karibu sana na hiyo: kila pembe ina noti yake, na wimbo huzaliwa kwa kupokezana. Mdundo unaopatikana kwa njia hii haukuhifadhiwa popote, bali umezaliwa na nyakati alizozipanga mpigaji.

Kifaa hiki kina ukoo wake. Marekani, Don Buchla alikuwa akijenga sinthesaiza za moduli California katika miaka ya 1960, wakati Robert Moog akifanya yake New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serge Tcherepnin, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha sanaa cha CalArts, alitaka ala ambazo wanamuziki wasio na fedha wangeweza kuzimudu, na wengi walizilehemu kwa mikono yao wenyewe. Kutoka kwa Buchla na Serge ndiko kulikotoka Maths, moduli ya kampuni ya Make Noise, ambayo leo ni miongoni mwa zilizo maarufu zaidi za aina hii.

Hapo atainuka msomaji makini na kusema kwamba Maths ni karibu dola 300, na kwamba kwa mkulima wa kahawa hilo ni jambo la kuchekesha. Ana haki, endapo njia pekee ni kuagiza. Lakini jirani yetu ameshalijibu swali hili. Kampala, Brian Bamanya, anayejulikana kama Afrorack, aliona bei hizo hazifikiki, akasoma michoro ya saketi iliyowekwa wazi na kujijengea sinthesaiza ya moduli kwa vipuri alivyoweza kuvipata. Mwaka 2022 albamu yake ilitolewa na Hakuna Kulala, lebo ya Uganda. Kutoka Kyerwa, Uganda ni ng'ambo ya Mto Kagera, pale Murongo na Kikagati. Aisi za TL072 na TL074, ambazo zinatosha kwa sehemu kubwa ya saketi hii, zimo ndani ya mikisa na amplifaya nyingi ambazo mafundi redio huzifungua kila siku. Lehemu nayo kwa kiasi kikubwa ni bati, madini yanayochimbwa Kyerwa tangu enzi za Waingereza. Sisemi kwamba bati la Kyerwa litageuka lehemu kesho. Nasema fundi wa huko hana sababu ya kuiona elektroniki kama kitu cha dunia nyingine.

Umeme pia si kikwazo kikubwa kama unavyodhaniwa. Moduli hizi hutumia volti 12 chanya na volti 12 hasi. Betri mbili ndogo za volti 12 kama zile za sola, zikiungwa mfululizo na sehemu ya katikati ikafanywa ardhi, hutoa zote mbili. Moduli moja ya aina hii hula chini ya miliampia 100, kwa hiyo betri za ampia-saa 7 zingeiendesha kwa siku mbili bila kuzimwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kompyuta. Programu ya VCV Rack hupatikana bure, na humo imo bure pia Rampage, moduli ya kampuni ya Befaco ya Barcelona, iliyojengwa juu ya wazo la Serge. Kwa anayetaka kujaribu, au kutengeneza wimbo tu, hiyo inatosha, na ningemshauri aanzie hapo. Tofauti hujitokeza kwenye ufundi. Saketi ya analogi inapimwa kwa mita, inafunguliwa, inabadilishwa kapasita mpaka muda wake ulingane na wimbo unaokusudiwa, na ikiungua inatengenezeka Kayanga. Kijana aliyeijenga anajua kwa nini sauti inafifia vile inavyofifia. Programu humpa matokeo hayohayo, lakini inamwacha akiwa mteja.

Wapo watakaohofu kwamba mashine itaifukuza enanga. Mimi naona hatari ikitoka kwenye midundo iliyopikwa tayari, kwani hiyo ndiyo inayomlazimisha mwimbaji aifuate. Jenereta ya fanksheni inaweza kumfuata yeye. Kidude cha piezo, kilekile kinacholia ndani ya saa za kengele, kikibandikwa chini ya ubao wa enanga hugeuza mtikisiko kuwa volti. Zikikuzwa na amplifaya ndogo na kupitishwa kwenye moduli iliyowekwa kupanda haraka na kushuka polepole, volti hizo hufuata nguvu ya vidole: mpigaji akidonoa kwa nguvu zinapanda, akitulia zinashuka. Sauti nyingine yoyote ya umeme itakayoungwa hapo itavuma na kunyamaza kwa amri ya enanga. Kwa kuanzia, vyuo vya ufundi vya Kagera vingeweza kumpa kila mwanafunzi wa elektroniki saketi ya upande mmoja tu, yenye volyumu mbili na kapasita inayobadilishika, na kumwita mpiga enanga darasani siku ya kuijaribu.