MZEE NA SIMU JANJA: ANUNUE AU ASINUNUE?

Katika nyumba nyingi za nchi yetu siku hizi kuna shauri moja ambalo haliishi. Watoto wamepata kazi na fedha kidogo, nao wataka kumnunulia mzazi wao simu janja, ile ya kioo kipana inayoguswa kwa kidole. Mzazi naye ana kitochi chake alichokizoea miaka mingi, na hataki kukiacha. Watoto husema, "Mama amepitwa na wakati." Mama hujibu, "Hii yanitosha." Kila upande una sababu zake. Na kwa kuwa fedha ni ya kutafuta kwa jasho, na simu ya leo ndiyo kibindo cha mzee, yafaa jambo hili litazamwe vema kabla ya kwenda dukani.

Huenda msomaji akashangaa kuona mwanafunzi wa bweni, ambaye kwa sheria za shule haruhusiwi kuwa na simu, akiandika habari za simu. Lakini kila likizo ni sisi tunaoitwa barazani kusoma ujumbe, kuingiza vocha, na kueleza kwa nini simu "imekataa". Basi ni wajibu wetu kujua tunalolisema.

TOFAUTI YA SIMU HIZI MBILI

Simu ya kwanza ya kushika mkononi ilipigwa mjini New York tarehe 3 Aprili 1973 na mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuzungumza. Ujumbe wa maandishi ulikuja baadaye. Wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kipimo cha ujumbe mmoja ni herufi 160. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu yake iitwayo 1100, yenye tochi kichwani na vitufe vilivyozuiliwa vumbi. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kitochi cha mzee wa leo ni ndugu wa simu ile: huzungumza, huandika, humulika, basi.

Simu janja si kitochi kilichoongezwa ukubwa. Hiyo ni kompyuta ndogo ambayo, pamoja na kazi zake nyingine, hupiga simu pia. Kampuni ya Apple ilitoa iPhone mwaka 2007, na mwaka 2008 ikatoka simu ya kwanza ya Android, mfumo ambao umo katika simu janja nyingi za madukani kwetu. Kama ilivyo kwa kompyuta yoyote, simu janja huwekwa programu, huunganishwa na intaneti, na huhitaji kusahihishwa mara kwa mara. Kwa hiyo mzee anayehama kutoka kitochi hapati chombo kipya tu. Apata kazi mpya ya kujifunza.

PESA HAIKAI NDANI YA SIMU

Wazee wengi huogopa kubadili simu kwa kudhani kwamba pesa zao zitabaki katika simu ya zamani. Hofu hii yafaa iondolewe kwanza. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008, nayo haikutengenezwa kwa ajili ya simu janja. Mtu akibonyeza *150*00# kwenye laini ya Vodacom, orodha anayoiona haitoki ndani ya simu yake. Hutoka katika kompyuta za kampuni, ikasafiri kwa njia ile ile ya mawimbi yanayobeba simu za kawaida, bila intaneti wala bando. Simu huonyesha tu.

Hesabu ya pesa imeandikwa huko kwenye kampuni kwa jina la mwenye laini. Kitochi kikitumbukia kisimani, pesa hazikuzama. Mwenyewe huenda na kitambulisho chake, akathibitishwa kwa alama za vidole, akapewa laini nyingine yenye namba ile ile. Kumbe basi, kwa mambo ya kutuma, kupokea na kuweka akiba, kitochi hakina upungufu. Asiyehitaji zaidi ya hayo hana haja ya kuhama, na asionewe haya.

FAIDA ZA SIMU JANJA

Walakini ziko faida ambazo kitochi hakiwezi kuzitoa. Ya kwanza ni sauti. Mzee asiyejua kusoma, kwake ujumbe wa maandishi ni mlango uliofungwa, na kila neno lake la siri husomwa na mjukuu. Tangu mwaka 2013 WhatsApp imekuwa na ujumbe wa sauti. Mzee hushika alama moja, akasema maneno yake, akaachia. Naye huletewa majibu kwa sauti ya mtoto wake mwenyewe. Hapo hapiti kwa mkalimani.

Ya pili ni kuona. Mama mwenye mtoto ng'ambo aweza kumwona uso na kumjua kama amekonda. Mkulima aweza kupiga picha ya jani lenye ugonjwa akampelekea bwana shamba. Ya tatu ni ukubwa wa maandishi. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kushindwa kutazama vitu vya karibu. Maandishi madogo ya kitochi huwa taabu, lakini katika simu janja yaweza kukuzwa.

Ya nne ndiyo inayowasukuma wazee wengi hata kama hawapendi: watu wamehamia huko. Vikundi vya kuweka akiba, kamati za arusi na za misiba, hata mikutano ya wazazi, hutangaza habari zao katika makundi ya WhatsApp. Asiyekuwamo hupata habari jioni, tena nusu nusu.

GHARAMA YAKE

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Kitochi hupatikana kwa makumi machache ya maelfu ya shilingi, na simu janja ya bei nafuu hupita laki moja. Tena kitochi chaweza kukaa siku kadhaa kwa chaji moja, na simu janja inayotumika sana haimalizi siku mbili. Mahali pasipo na umeme, tofauti hiyo ni safari ya kila siku kwenda dukani kuchajisha, tena kwa malipo.

Halafu kuna bando. Picha za video hula bando mara nyingi zaidi kuliko sauti. Tena simu janja ina tabia ya kupakua yenyewe picha na video zinazotumwa katika makundi, na kusahihisha programu zake bila kumwuliza mwenyewe. Mzee hununua bando asubuhi, na mchana aambiwa limekwisha, naye hajampigia mtu. Dawa yake ni kuzima upakuaji huo katika mipangilio na kuzima data wakati haitumiki. Hili ni jambo la kufundishwa siku ya kwanza.

Jambo jingine ni kioo. Kitochi kikianguka huokotwa, kikafutwa vumbi. Kioo cha simu janja kikipasuka, gharama ya kukibadili yaweza kukaribia nusu ya bei ya simu. Na kwa upande wa mtandao, msomaji akumbuke kuwa simu janja isipopata mawimbi ya intaneti hubaki kuwa simu ya kupiga na kupokea tu. Bondeni ambako intaneti haifiki, mzee atakuwa amenunua kitochi cha bei kubwa.

VIDOLE VYA MKULIMA

Kuna shida moja ambayo vijana hatuitambui, maana vidole vyetu ni laini. Kioo cha simu janja hakisikii nguvu ya kubonyeza. Ngozi ya binadamu hupitisha umeme kidogo, na kidole kinapogusa, umeme ulio juu ya kioo hubadilika mahali pale; ndivyo simu ijuavyo ulipogusa. Ngozi kavu yenye sugu za jembe haitambulikani vizuri. Mzee hugusa mara tatu bila jibu, akabonyeza kwa nguvu, na mara mambo matatu yakafunguka kwa pamoja. Watoto hucheka wakidhani babu hajui. Si hivyo. Anawe mikono, apake mafuta kidogo na kuyafuta, aguse polepole bila kukandamiza, naye ataona tofauti.

WEZI WA NJIA MBILI

Wako wasemao kwamba kitochi ni salama kwa sababu hakina intaneti. Hiyo ni nusu ya kweli. Ujumbe maarufu usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii," huingia katika kitochi sawasawa na kwingineko, na wazee wengi wameliwa kwa njia hiyo. Mtu akipokea ujumbe wa namna hiyo asijibu. Aupeleke kwa namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa mitandao ya simu.

Lakini simu janja huongeza milango. Kuna viungo vya kubonyeza vinavyoahidi zawadi, na kuna programu za mikopo ambazo mtu akizikubali husoma majina yote yaliyomo katika simu yake. Akichelewa kulipa, ndugu na jirani huandikiwa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kwa mzee aliyejenga heshima yake kwa miaka 60, aibu ya namna hiyo si jambo dogo.

Na mwizi wa tatu hukaa nyumbani. Mzee asiyeweza simu yake humwambia mjukuu namba yake ya siri. Simu ikiwa ngumu kuliko uwezo wake, ndivyo siri yake inavyozidi kuwa mikononi mwa wengine. Simu janja ambayo mzee hawezi kuifungua mwenyewe si mali yake. Ni ya yule anayemfungulia.

NAMNA YA KUJARIBU

Bibi yangu mzaa mama anakaa Lushoto, katika kijiji cha milimani, na umri wake ni miaka 68. Kikundi chake cha akiba kilipoanza kutoa matangazo kwa WhatsApp, alikosa mkutano mmoja wa mgao, na akarudi nyumbani na hasira. Mjomba akataka kununua simu janja siku ile ile. Bibi akakataa, akasema, "Ng'ombe hununuliwi kabla hujamkamua." Akaomba aazimwe kwanza.

Mjomba akampa simu yake ya zamani iliyokuwa kabatini, ikawekwa laini mpya isiyo na pesa hata senti. Kazi zikawekwa tatu tu kwenye kioo: kupiga, sauti za WhatsApp, na kamera. Programu nyingine zikafichwa. Kitochi chake kikabaki mfukoni na laini yake ya pesa. Mwezi wa kwanza alisahau kuzima data, bando likaisha mara nne. Mwezi wa pili alikuwa akisikiliza matangazo ya kikundi akichambua maharage. Mwisho wa likizo yangu aliamua mwenyewe: ataitunza simu janja kwa mazungumzo, lakini pesa zitabaki katika kitochi. Mjomba alitaka vyote vihamie katika simu moja. Bibi hakukubali, na mimi naona yeye ndiye mwenye hoja: mtoto akichezea simu ya picha, au ikiibwa sokoni, akiba haiguswi.

MASHAURI YA KUAMUA

Basi, kabla ya kununua, mzee na wanawe wakae pamoja wajibu maswali matano. Je, kuna jambo analolihitaji ambalo kitochi hakiwezi? Je, intaneti inashika nyumbani kwake, si mjini kwa mwanawe? Nani atalipa bando kila mwezi, baada ya furaha ya zawadi kupoa? Yuko nani karibu wa kumfundisha kwa uvumilivu, bila kumnyang'anya simu na kumfanyia? Na la mwisho, je, yeye mwenyewe ataka? Majibu yakiwa mema, na aanze kwa simu ya kuazima. Majibu yakiwa mabaya, fedha ile ingefaa miwani ya kusomea au mabati mawili matatu.

Kwa wanafunzi wenzangu nasema hivi. Likizo ikifika, tusiwachukulie wazee wetu simu na kubonyeza mbio mbio hata wasione tulichofanya. Tuwaachie wao wabonyeze, sisi tuseme tu. Jambo ambalo mzee amelifanya mara kumi kwa kidole chake mwenyewe halimtoki. Tulilomfanyia sisi huondoka nasi siku tunaporudi shuleni. Na kwa wazee wetu: kukataa simu janja si ujinga, na kuikubali si ujana. Ninyi ndio mliotufundisha kwamba akili ni mali, nanyi mna haki ya kuuliza bei, kujaribu, na kusema ndiyo au hapana.

M. S.,
Kidato cha Nne