Barafu Yetu, Majina ya Wengine

Mkazi wa Nyaramba huijua barafu kwa sura mbili tu. Ya kwanza ni ile ya jokofu la dukani. Ya pili ni mvua ya mawe. Nyanda hizi za juu za magharibi mwa Kenya, kuanzia kwetu Nyamira hadi kwa majirani zetu wa Kericho na Nandi, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kupita kiasi. Mawe hushuka alasiri, ghafla, na kwa muda mfupi huichana michai hata mkulima akakaa majuma kadhaa bila la kupeleka kwenye kituo cha kupimia majani. Kwa hiyo barafu kwetu ni adui wa shamba. Nilipomweleza shangazi yangu kwamba nililipa fedha, tena si haba, ili nipelekwe kutembea juu yake, aliniuliza kwa upole kama hayo ndiyo niliyosomea miaka yote ile.

Nilipoongeza kwamba nilivutwa na mbwa, alicheka hadi akaketi. Kwa Mgusii, *esese* ni mlinzi wa boma. Anayelima ni ng'ombe, na anayebeba mizigo ni punda. Mbwa wa kuvuta gari lenye mwalimu wa chuo kikuu ndani yake ni kichekesho cha kutosha jioni nzima.

Msomaji aniwie radhi nieleze jambo lenyewe lilivyo. Mji wa Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska nchini Marekani, hauna barabara ya kuuunganisha na mji mwingine wowote. Huingiliwa kwa meli au kwa ndege. Nyuma ya mji huo, juu ya milima, limelala tandiko la barafu lenye ukubwa wa karibu mara nne ya Kaunti nzima ya Nyamira, na kutoka humo hushuka mito ya barafu, au barafuto kama waandishi wengine wanavyoiita siku hizi. Wakati wa kiangazi helikopta huwapandisha watalii hadi kwenye kambi za mahema zilizopigwa juu ya theluji. Huko huwangoja waendesha mbwa, ambao wengi wao hushiriki mashindano ya masafa marefu majira ya baridi. Mapato ya watalii husaidia kuwalisha mbwa, na mbwa nao hupata mahali pa baridi pa kufanyia mazoezi wakati bondeni jua linawatesa.

Kiongozi wetu alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Kabla ya safari alitupitisha mbele ya mbwa mmoja baada ya mwingine, akatutajia jina la kila mmoja, tabia yake na nafasi yake. Wawili wa mbele ni wale wanaosikia na kuelewa. Wawili wa mwisho, karibu na gari, wamechaguliwa kwa nguvu zao. Gari lenyewe halina magurudumu. Ni kiti kirefu juu ya mbao mbili za kuteleza. Mbwa walikuwa wakibweka na kurukaruka kana kwamba wamepagawa. Msichana aliponyanyua kulabu lililoshikilia gari kwenye theluji, kelele zote zilikatika mara moja, nikasikia mteremko wa mbao na pumzi za wanyama tu.

Mimi ni mwanaisimu, na mwanaisimu hata akining'inizwa juu ya jabali husikiliza maneno. Hapakuwa na hatamu wala mjeledi. Chombo chote hicho, chenye mbwa wengi na watu watatu, kilielekezwa kwa sauti peke yake. "Jii" ni kulia, "hoo" ni kushoto. Maneno hayo hayakuzaliwa kwenye theluji. Ndiyo yaliyotumiwa na wakulima wa Kiingereza kuwaamrisha farasi na ng'ombe wa plau. Yamehama kutoka shambani hadi kwenye barafu bila kubadili maana. Neno lile maarufu la sinema, "mashi", linatokana na "marche" ya Wafaransa wa Kanada, yaani nenda; lakini msichana yule hakulitamka hata mara moja, akasema siku hizi ni nadra kulisikia kwa waendeshaji wenyewe. Kuwaondoa mbwa si kazi, aliniambia. Kazi ni kuwasimamisha.

Akawa pia ananionyesha theluji. Hii imeoza, hii ina ganda juu na ulaini chini, ile inaficha ufa. Kwa macho yangu vyote vilikuwa weupe mmoja. Hapa sharti niseme neno la pembeni, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye tayari amekumbuka hadithi kwamba watu wa Aktiki wana maneno mia moja ya theluji. Hadithi hiyo husimuliwa kila mahali na haina uzito mkubwa. Lugha za Wainuti huunda maneno marefu kwa kuongeza viambishi, kama Kiswahili kinavyoweza kusema "tusingalitelezeshwa" kwa pumzi moja, na kuhesabu maneno katika lugha ya namna hiyo ni kuhesabu matone ya mvua. Lililo kweli ni jepesi zaidi. Anayefanya kazi mahali fulani hulazimika kupabainisha, na asiyefanya kazi hapo hutosheka na neno moja.

Aliyelielewa hilo mapema ni Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Maryland mwaka 1866. Alisafiri na Robert Peary katika safari za Aktiki kwa takriban miaka ishirini. Henson alijifunza lugha ya Wainuti wa kaskazini mwa Greenland, akawa fundi wa kuendesha mbwa na kutengeneza magari yao. Mwezi Aprili 1909 Peary alipodai kufika Ncha ya Kaskazini, Henson alikuwa pamoja naye, na Wainuti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Wataalamu bado wanabishana kama kweli walifika penyewe. Lakini majina ya hao wanne tunayo, na tunayo kwa sababu yaliandikwa.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana barafu tunayo pia. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akielekea Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, naye akajibu kwa neno moja: baridi. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kabisa kusadiki kwamba pana theluji karibu na ikweta, akaendelea kubisha kwa miaka mingi. Hicheka ninapowafundisha wanafunzi kisa hiki, kwa sababu jibu la yule kiongozi lilikuwa sahihi kuliko la bwana wa London. Hakuwa na jina la kitu, akataja tendo lake. Maneno tunayotumia leo yote mawili yametufikia kutoka ng'ambo ya bahari: theluji kutoka Kiarabu, barafu kutoka Kiajemi. Weupe ulikuwa ukionekana kutoka nyikani, na neno lake likaja kwa jahazi.

Isidhaniwe kwamba hakuna Mwafrika wa eneo hili aliyeipa theluji jina. Wakonzo wa Ruwenzori huiita *nzururu*, na kutokana nayo likapatikana jina la Rwenzururu, harakati iliyoanza mwaka 1962 na ambayo ufalme wake ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Ni watu gani wengine wa ikweta walioita ufalme wao kwa theluji? Lakini ramani ya milima hiyo hiyo inasema Stanley, Speke na Baker.

Mlima Kenya ndio unaoniuma zaidi. Halford Mackinder alipoupanda mwaka 1899 msafara wake ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Wawili kati ya Wazungu hao walikuwa viongozi wa milimani kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa kazi kama yule msichana wa Juneau. Mito miwili ya barafu ya Mlima Kenya ikapewa majina yao: Cesar na Joseph. Sina kinyongo nao, walistahili. Jina la kiongozi kubaki kwenye barafu aliyoipasua ni haki. Ila hao wengine 164 waliobeba chakula, mahema na vyombo hadi miguuni pa barafu hiyo hawana hata tone lenye jina la mmoja wao. Vilele vina majina ya Kimaasai, naam, Batian, Nelion na Lenana, lakini hao walikuwa watu mashuhuri waliochaguliwa na Mackinder mwenyewe. Upande wa Kilimanjaro barafu zinaitwa Rebmann, Decken, Kersten, Furtwängler. Yohani Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwa kumwongoza Hans Meyer mwaka 1889, sijamkuta kwenye barafu yoyote katika ramani nilizo nazo.

Nilipokuwa Alaska nilitajiwa majina ya mbwa wote waliovuta gari langu.

Huenda msomaji akasema majina yabadilishwe, tuunde kamati, tuweke vibao. Mimi sioni faida kubwa ya vibao, na wakati wenyewe hauturuhusu. Mackinder na wenzake walihesabu mito 18 ya barafu kwenye Mlima Kenya. Mingi kati yake haipo tena. Ule unaoitwa Lewis, ambao umepimwa tangu mwaka 1934, ulikuwa umepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kufikia mwaka 2010. Kilimanjaro ilikuwa na karibu kilomita 12 za mraba za barafu mwaka 1912, na hazikufika mbili mwaka 2011. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya milima hii miwili huenda ikatoweka kabla ya mwaka 2050. Kubadili jina la kitu kinachoyeyuka ni kuandika barua kwa mtu aliye kitandani akikata roho.

Ninachotaka ni maneno. Naro Moru, Chogoria, Marangu, Machame na Kasese wako wanaume na wanawake waliopanda juu mara mia na zaidi, wakiongoza wageni au wakibeba mzigo ambao kwa kanuni za Kilimanjaro usizidi kilo ishirini. Haiwezekani watu hao wawe wanaiita kila barafu "barafu". Lazima pana neno la ile inayovunjika chini ya kiatu alfajiri, la ile inayogeuka maji saa nne, la mahali ambapo mtangulizi huinua mkono ili wa nyuma wasimame. Labda ni Kikikuyu, labda ni Kimeru, Kichaga au Kilukonzo. Labda ni Kiswahili cha kambini ambacho hakuna kamusi iliyokiandika. Vyama vyetu vya Kiswahili vimekaa vikao vingi kutafuta istilahi ofisini. Kupanda hadi lango la hifadhi kuwauliza wenye nazo hakuhitaji kikao.

Wanafunzi wangu wawili ni wenyeji wa Marangu. Likizo hii nimewapa daftari na kinasa sauti, waanze na wazee walioacha kazi ya kupanda, kwa kuwa barafu waliyoikanyaga wao vijana hawataikanyaga. Swali la kwanza nimewaandikia mimi mwenyewe: pale changarawe inapokwisha na mguu unaanza kuteleza, mlipokuwa mkiambiana, mlipaitaje?