Verstappen: kujua kuendesha ni kimoja, kujitawala ni kingine



Tangu Desemba 2025, kila siku ya posho tunapokutana hapa Lubumbashi, mazungumzo yanaanza na kutafuta kazi, yanapita kwenye mpira, halafu yanamalizikia kwa mtu mmoja: Max Verstappen. Nusu yetu wanasema hakuna shofere kama yeye duniani. Nusu ingine wanasema ni mtu wa fujo, wangemunyanganya permi zamani. Sauti zinapanda, soda zinapata moto, na hakuna mwenye kumushinda mwenzake.

Mimi niliwasikiliza sana, nikaona kitu: wale wa kwanza wanajibu swali moja, wale wa pili wanajibu swali lingine. La kwanza: anajua kuendesha? La pili: anajua kujitawala? Tukiyachanganya tutabishana mpaka asubuhi. Leo nataka tuyatenganishe.

Kwa wasiofuata Formula 1, niseme kwa ufupi. Verstappen ni Muholanzi aliyezaliwa Hasselt, Ubelgiji, mwaka 1997. Baba yake Jos alikuwa dereva wa Formula 1, na mama yake Sophie Kumpen alishindana na magari madogo ya karti. Machi 2015 kijana akaingia Formula 1 akiwa na miaka 17, wakati hakuwa hata na permi ya kuendesha barabarani. Wakubwa wa mchezo waliona ni mapema mno, wakaweka sheria ya miaka 18. Mei 2016, kwenye mbio yake ya kwanza ndani ya timu ya Red Bull, akashinda Hispania. Alikuwa na miaka 18. Halafu akawa bingwa wa dunia mara nne, 2021 hadi 2024.

Wenye kumupinga wanasema: "Ni gari tu." Kweli, gari inasaidia sana. Mwaka 2023 alishinda mbio 19 kati ya 22, kumi kati ya hizo kwa mfululizo, na gari ya Red Bull ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Lakini mwenzake Sergio Pérez alikuwa na gari ya namna ile ile, na mwaka ule alishinda mbili. Hapo gari peke yake haitoshi kueleza.

Tena kuna mvua. Pisti ikilowa, matairi yanapoteza nguvu ya kushika, na faida ya gari nzuri inapungua. Mkono wa mtu njo unaonekana. Novemba 2024, kule São Paulo, Verstappen alianza nafasi ya 17, mvua inanyesha, wenzake wanateleza na kugonga ukuta. Akamaliza wa kwanza. Kwa swali la kwanza, mimi sioni tena cha kubishana.

Tuingie kwenye la pili. Mwaka 2018, Brazil hiyo hiyo, alikuwa anaongoza. Esteban Ocon, aliyekuwa nyuma kwa mzunguko muzima, akamugonga. Ushindi ukaenda. Mbio ilipoisha, Verstappen akamufuata Ocon pale madereva wanapopimwa uzito, akamusukuma kifuani mbele ya kamera. Wakamupa siku mbili za kazi ya kusaidia jamii. Septemba 2024, Singapore, akatumia neno chafu mbele ya waandishi wa habari alipokuwa anaeleza gari yake. Wakamupa tena kazi kama hiyo, na aliifanyia karibu na sisi: Kigali, Desemba 2024, pamoja na vijana wanaojifunza mashindano ya magari.

Sasa, mbona watu hawakubaliani? Kwa mawazo yangu kuna sababu mbili.

Ya kwanza iko kwenye kona. Madereva wawili wanaingia pamoja, mmoja ndani, mwingine nje. Mwongozo wa wasimamizi unaangalia, kati ya mambo mengine, nani alikuwa mbele pale katikati ya kona. Verstappen anajua mwongozo huo vizuri sana. Akiwa ndani, anachelewesha breki ili afike mbele pale katikati. Halafu gari yake inatoka kwa upana, na yule wa nje anakosa njia. Mashabiki wanaita akili. Wapinzani wanaita ujambazi. Lakini wasimamizi wenyewe wana mupaka: Mexico, Oktoba 2024, walimupa penalti mbili za sekunde 10 ndani ya mbio moja, zote juu ya namna alivyomuzuia Lando Norris. Munaona shida? Hapo ujuzi na hasira viko ndani ya usukani mmoja, na anayetazama anachagua kuona kile anachotaka.

Ya pili ni Abu Dhabi 2021. Yeye na Lewis Hamilton walifika mbio ya mwisho wakiwa na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza karibu mbio yote. Ajali ikatokea mwishoni, na mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akapanga urudiaji kwa namna iliyoleta kelele mpaka leo. Verstappen, mwenye matairi mapya, akapita kwenye mzunguko wa mwisho. Miezi michache nyuma, Masi aliondolewa kwenye kazi ile. Lakini chuki ilibaki kwa dereva. Mwaka 2022 kule Silverstone, Uingereza, watu walimuzomea. Tuwe wakweli: uamuzi ule haukuwa wake. Tunaweza kumuhukumu kwa yake, tusimubebeshe ya wengine.

Na ya kwake iko, na kubwa kuliko zote ni ya Barcelona, tarehe 1 Juni 2025. Karibu na mwisho, matairi yake yalikuwa mabaya kuliko ya wenzake, wawili walikuwa wamemugusa, na timu ikamuambia amupishe George Russell. Alikasirika. Akapunguza mwendo kama mtu anayepisha, Russell alipofika pembeni, Verstappen akakanyaga mafuta na kumugonga. Penalti ya sekunde 10 ikamuangusha kutoka nafasi ya tano mpaka ya kumi. Nafasi ya tano inalipa pointi 10. Ya kumi inalipa pointi 1. Tisa zikapotea kwa sekunde chache za hasira. Wakamuongezea na pointi tatu mbaya kwenye leseni, akafikisha 11. Ukifikisha 12 ndani ya miezi 12, unakosa mbio moja. Kesho yake yeye mwenyewe alikubali kwamba kitendo kile hakikuwa sawa.

Mwisho wa Agosti alikuwa nyuma ya kiongozi kwa pointi 104. Akapanda, akapanda, mpaka mbio ya mwisho, ambayo alishinda. Hesabu ikafungwa: Norris 423, Verstappen 421. Pointi mbili.

Najua, msimu ule ulikuwa na mbio 24, na kila dereva anaweza kuonyesha pointi alizopoteza. Yeye pia alisema watu wanasahau mengine yote. Iko kweli. Lakini pointi zingine alipokonywa na gari ao na bahati. Zile tisa alizitupa mwenyewe, na ujuzi wote wa miezi iliyofuata haukutosha kuzirudisha.

Wengine wananiambia muda utalainisha. Inawezekana. Ayrton Senna alimugonga Alain Prost kule Suzuka 1990, na mwaka uliofuata akakubali kwamba alikusudia. Michael Schumacher alifutwa kwenye orodha ya msimu wa 1997 juu ya kumugonga Jacques Villeneuve. Leo watu wanawataja kwa heshima. Ila wao walikuwa na miaka mingine ya kushindana.

Mimi hadizi hii inaniuma kidogo. Nilipofanya staji kwenye kampuni moja, nilijua kazi kuliko wenzangu wote, na kila mtu alisema hivyo. Siku moja shefu akanikosoa mbele ya watu, tena bila haki. Nikamujibu kama Verstappen wa Barcelona. Kontra ilikuwa moja tu. Ikaenda kwa mwenzangu, mutulivu, niliyekuwa ninamusahihishia ripoti zake. Miaka miwili nilisema walininyima juu ya wivu. Sasa ninasema: waliniuliza maswali mawili, nikajibu moja.

Kwa hiyo, siku ya posho ijayo, kabla ya kupandisha sauti, tuulizane kwanza: tuko tunajibu swali gani?